Shimo la Mwalimu Cyprien

Walimu ishirini na wanne walikuwa wamejifungia ndani ya ukumbi wa parokia, watu wazima wenye ndevu na matumbo, na walikuwa wanacheza. Hakuna neno lingine la kuwaheshimu nalo. Shule zao hazikuwa na chaki. Vyoo vya shule zao vilikuwa vimejaa tangu mwaka uliopita, mlima ulipotapika moto tena na watu wa Goma wakalala madarasani. Lakini mradi fulani ulileta kompyuta sita, jenereta moja na kijana mmoja kutoka Bukavu anayeitwa Bagalwa, na kwa siku kumi walimu hao walikuwa wanafundishwa namna ya kutengeneza michezo ya watoto ndani ya mashini.

Mukamugema aliwasikia akiwa jikoni. Jiko lenyewe lilikuwa mbabula tatu za makaa chini ya bati, nyuma ya ukumbi, kando ya barabara ya Sake ukishapita Ndosho. Dirisha la ukumbi halikuwa na kioo, kwa hiyo kila neno la wasomi lilimfikia pamoja na moshi wa jenereta. Yeye hakuwahi kukalia benchi la shule. Baba yake kule Masisi aliwapeleka wanawe wa kiume kusoma, na mabinti akawapeleka kwa ng'ombe. Lakini kuchambua maharagi hakuzibi masikio, na aliyoyasikia kutoka dirishani yalimfanya ateme mate kwenye majivu mara nyingi kwa siku.

"Mutoto wangu amegeuka!" alilia mwalimu mmoja siku ya tatu. Huyo alikuwa Bénita, msichana wa Rutshuru aliyekimbilia mjini bunduki zilipoanza kulia tena huko kwao. "Angalia, anatembea na kichwa!"

"Basi anafanana na direkta wangu," akajibu mwingine, na ukumbi mzima ukacheka.

"Rekebisha mwenyewe, mwalimu," alisema Bagalwa. "Mimi sikugusii mashini yako. Munajua sheria ya hapa: anayekosea ndiye anayerekebisha, kwa mukono wake, mbele ya wote."

Sheria hiyo ilimpendeza Mukamugema. Lilikuwa neno la kwanza la maana kutoka kwenye lile dirisha. Alikoroga sufuria akijiuliza kama sheria ile iliwahusu walimu wote au wadogo peke yao. Maana ndani ya ukumbi ule alikuwemo mwalimu mwenye kosa la miaka ishirini, na mkono wake ulikuwa haujawahi kuligusa.

Huyo alikuwa Cyprien. Sasa alikuwa direkta wa shule, mwenye miwani na koti hata jua likiwaka, na alikaa mbele, kwenye kompyuta iliyokuwa mpya kuliko zote, kana kwamba Mungu ndiye aliyempangia kiti. Siku ya kwanza alipokuja kuchukua sahani yake, alimtazama Mukamugema usoni. Alimjua. Mtu hasahau uso kama ule. Akasema, "Mama mupishi, chumvi iko?"

Miaka ishirini, na alikuwa na swali la chumvi.

Wakati ule, mwaka elfu mbili na mbili, mji ulikuwa mikononi mwa waasi wa RCD, na Mukamugema alikuwa mke wa Habiyaremye, mwenye nyumba ya mbao mtaani Mapendo na mtoto mmoja wa kike, Uwizeye, miaka minne. Mtu wa huku akizaa, jina lake la zamani linawekwa kando. Yeye aliitwa Mama Uwizeye, na jina hilo alilivaa kama kitenge kipya. Kisha mlima ukapasuka. Moto ukashuka mjini, ukameza maduka, makanisa na nyumba ya Habiyaremye na vyote vilivyokuwemo. Watu walitembea usiku kucha kuelekea magharibi. Kulipopambazuka, kundi lao lilikuwa limeketi kati ya mawe meusi karibu na Mugunga, na askari walikuwa wanapiga risasi hewani kutawanya waliokuwa wanapora magari ya vyakula.

Cyprien alikuwa nao, mwalimu kijana wa darasa la kwanza, mwenye filimbi shingoni. Watu wanapoogopa humtafuta mwenye filimbi. Aliona shimo lenye kivuli na majani mabichi, akawaambia akina mama, "Wekeni watoto humo. Risasi haifuati mutu chini ya udongo." Watoto sita wakashushwa. Mukamugema alisitasita, kwa sababu koo la mtoto lilikuwa limekauka na maji yalikuwa mbali, ziwani. "Nenda tu, Mama Uwizeye," alisema Cyprien. "Mimi nitawaangalia."

Aliporudi na kidumu kichwani, watoto watano walikuwa juu, wakitapika na kuyumba kama walevi. Wa sita, Uwizeye, alikuwa mdogo kuliko wote, kwa hiyo ndiye aliyelala chini kabisa.

Na Habiyaremye alipofika kutoka kutafuta ndugu zake, Cyprien ndiye aliyemlaki. Alimwambia kwamba mtoto alikuwa na homa tangu njiani, na kwamba mama yake alimwacha akaenda zake. Maneno machache tu, lakini yalitosha kuvunja nyumba ambayo moto ulikuwa umekwisha kuichoma. Habiyaremye alimrudisha mke wake kwa baba yake kama mtu anavyorudisha kuku mgonjwa sokoni, akaoa mwingine. Jina la Mama Uwizeye likafa. Wengine waliliacha kwa huruma, wengine kwa kuchukizwa, na wote wakarudia kumwita Mukamugema, kama msichana ambaye hajazaa.

Hakumdai Cyprien magoti wala machozi. Alitaka kitu kimoja: aseme kwa kinywa chake, mbele ya watu, kwamba ni yeye aliyewaweka watoto shimoni. Alikuwa amemfuata kanisani, mwalimu akatokea mlango wa pembeni. Alikuwa amemfuata shuleni, akaambiwa direkta yuko mkutanoni. Sasa Mungu alikuwa amemleta mwenyewe, na sahani mkononi.

Siku ya saba, kama saa nne asubuhi, Bagalwa alitoa kichwa dirishani.

"Mama, njoo kidogo! Tunatafuta mutu asiyejua kusoma."

"Munao ishirini na wanne humo ndani," alisema Mukamugema.

Walimu walicheka, na Bagalwa akacheka kuliko wote. "Nasema kweli, mama. Mchezo wa watoto unajaribiwa na mutu ambaye hakuutengeneza na hajui herufi. Wewe ukielewa, mutoto wa kwanza primeri ataelewa."

"Na maharagi yangu?"

"Maharagi hayakimbii."

"Yangejua nani anayapika na nani anayala, yangekimbia."

Aliingia akifuta mikono kwenye kitenge. Walimkalisha mbele ya kompyuta ya Cyprien, na Cyprien akasogea pembeni bila kumtazama. Bénita alimwonyesha vitufe: hiki kinampeleka mtoto mbele, hiki kinamrudisha, hiki kinamrusha, hiki kinamshusha. Kwenye kioo kulikuwa na mlima wenye mdomo mwekundu kama wa mlevi wa kasiksi, na chini yake mtoto mmoja mwenye viatu, kofia na mkoba mgongoni.

"Huyu anakimbia mlima, ama anaenda arusi?" aliuliza Mukamugema.

"Cheza tu, mama."

Alicheza. Mtoto aliruka mto wa moto kama panzi, akatua bila hata kuungua kisigino, na kengele ikalia kumsifu. Upuuzi mtupu. Moto ule haurukwi na mtu; unakuja polepole kama mgeni anayejua kwamba nyumba ni yake. Lakini vidole vyake vilijifunza upesi kuliko walivyotegemea, na wale walimu waliokuwa wamemzunguka waliacha kunong'ona. Kisha milio ikaanza, tatata, na alama nyekundu zikapita juu ya kichwa cha mtoto. Risasi. Mbele yake likatokea shimo lenye majani, na juu ya shimo mshale wa kijani ukicheza, ukielekeza chini.

Mikono ya Mukamugema ikasimama.

"Shusha!" walipiga kelele. "Mushushe mutoto! Pale ni salama!"

Hakumshusha. Alama nyekundu zikamfikia mtoto, akaanguka, na mashini ikatoa sauti ya kumdhihaki.

"Umeua mutoto, mama," alisema mwalimu mmoja. "Anza tena."

Alianza tena. Aliruka mito yote, akafika shimoni, akasimama. Mtoto akafa. Mara ya tatu vilevile. Walimu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko.

"Vidole vya ugali!"

"Mama anaogopa giza la mashini!"

Cyprien alivua miwani, akaifuta kwa shati. "Mumwachie," alisema. "Mutu ambaye hakusoma, hata umpe ufunguo atakorogea chai."

"Shimo hili liliwekwa na nani?" aliuliza Mukamugema. Hakumuuliza yeye. Alimuuliza Bagalwa.

"Ni la kundi la direkta. Alilitengeneza kwa mchezo wao, na wengine wamelichukua kama lilivyo, wakalibandika kwenye michezo yao. Ni kazi safi."

"Michezo mingapi?"

"Yote sita. Wiki ijayo inaenda mashuleni."

"Basi mutaua watoto mara sita," alisema Mukamugema. "Kwenu Bukavu hamjui mazuku?"

Bagalwa hakujua. Bénita alikuwa ameisikia kwa mbali. Lakini wengine, wazaliwa wa Goma, waliinamisha macho wakatazama viatu vyao, na hapo ndipo Mukamugema alipowadharau kwa dharau iliyokamilika. Walijua! Kila mtu aliyechunga mbuzi huku anajua: kuna pumzi inayotoka chini ya mawe, haina rangi, haina harufu, inalala mashimoni kama maji, na anayeinama kuinywa haamki. Walijua, na bado walilibandika shimo la Cyprien katika michezo yao, kwa sababu lilikuwa la direkta, na nani atamwambia direkta kwamba shimo lake linaua? Hiyo ndiyo elimu waliyoipata kwa miaka yote ile: kunakili ubaoni bila kuuliza.

"Hizo ni hadithi za wachunga mbuzi," alisema Cyprien. Sauti yake ilikuwa imepanda kidogo. "Mimi nilikuwa hapa dé mil dé, mlima ulipopasuka. Mimi mwenyewe niliwaweka watoto ndani ya shimo, risasi zikapita juu. Walipona."

"Wote?" aliuliza Mukamugema.

"Wote."

Alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake. Wengine walidhani atamrukia, na mmoja alishika kompyuta isije ikavunjika. Lakini yeye alikwenda jikoni. Alichukua mkebe wa nyanya, akasimika mshumaa ndani yake, akafunga kamba kwenye matundu mawili aliyoyatoboa kwa msumari, akarudi mlangoni.

"Wenye diploma," alisema, "njooni niwafundishe."

Nyuma ya uzio wa parokia, hatua sitini hivi, kulikuwa na bonde dogo kati ya mawe, lenye kina cha mtu na nusu. Halikuwa lile la Mugunga, ila lilikuwa ndugu yake. Majirani walikuwa wamelizungushia miiba. Chini, majani yalikuwa mabichi kuliko popote, na juu ya majani walilala kunguru wawili na mjusi, wakavu, kama waliowekwa kwa maonyesho. Hewa ilikuwa imetulia, hata moshi wa mbabula ulipanda wima.

Mukamugema aliwasha mshumaa. Alisimama ukingoni, akaushusha mkebe polepole kwa kamba. Mwali uliendelea kuwaka mpaka usawa wa magoti yake, ukaendelea kushuka, halafu ukazimika ghafla, kana kwamba mtu ameufinya kwa vidole.

"Ni upepo," alisema Cyprien.

"Upepo uko wapi?" aliuliza Bénita.

Mukamugema aliupandisha, akauwasha tena, akaushusha. Ukazimika palepale. Mara ya tatu alimwita Bagalwa aushushe kwa mkono wake, na ukazimika kwa kijana wa Bukavu kama ulivyozimika kwa mpishi, maana mazuku haitazami vyeti. Kijana alirudi nyuma hatua tatu akijipangusa kiganja kwenye suruali.

"Ni gaz hiyo," alinong'ona. "Kweli ni gaz."

"Bado," alisema Mukamugema. Aligeuka. "Direkta, wewe unasema shimo ni salama. Uliwalaza watoto, wakapona wote. Basi shuka. Ngazi iko pale, kwenye nguzo ya uzio. Shuka ulale kidogo tu, muda wa mutu kwenda ziwani na kurudi."

Hakuna aliyecheka. Cyprien alitazama ngazi, akatazama kunguru. Mguu wake mmoja ulirudi nyuma, na wa pili ukaufuata. Walimu ishirini na watatu waliiona miguu hiyo.

"Uwizeye alishuka," alisema Mukamugema. "Alikuwa na miaka minne. Alishuka kwa sababu mwalimu alimwambia."

Walirudi ukumbini wakiwa wameacha nafasi kumzunguka Cyprien kama watu wanaopita karibu na mtu aliyejinyea. Bagalwa alisimama mbele yao. Alikuwa mtoto mdogo kwao, lakini siku hiyo alijua alilopaswa kufanya.

"Tunageuza," alisema. "Mutoto akiingia mu shimo, anakufa. Na akifa, maneno yatokee kwenye kioo, yaeleze sababu. Kila kundi litachukua shimo jipya, lile la zamani lifutwe." Akamgeukia Cyprien. "Na sheria munaijua. Aliyelitengeneza ndiye anayerekebisha."

Cyprien aliketi. Kompyuta sita, walimu wote, na mpishi amesimama nyuma ya bega lake ananuka moshi. Kugeuza amri hakukumchukua muda. Alitoa kipande kimoja cha rangi ndani ya mashini, akaweka kingine. Kisha ikabaki kuandika. Aliandika kwa kidole kimoja, kama kuku anayedonoa kwenye uwanja mgumu.

Mukamugema hakujua hata alama moja kati ya zile zilizokuwa zinatokea. "Somea mimi," alimwambia Bénita.

Bénita alisoma: "Hatari. Usiingie hapa."

"Hayo ni maneno ya ukutani kwenye transfo ya umeme. Sababu iko wapi?"

Cyprien alifuta. Akadonoa tena. Bénita akasoma: "Mtoto aliingia shimoni akafa."

"Alijipeleka?" aliuliza Mukamugema. "Miaka minne, akajitafutia shimo? Rudia."

"Mama mupishi," alisema Cyprien kwa sauti ya chini, "hawa ni watu wa kazi yangu."

"Ndiyo maana nataka wasikie."

Jenereta ilikohoa, ikaendelea. Harufu ya kuungua ilikuwa imeanza kuingia dirishani, na hakuna aliyethubutu kuisema. Cyprien aliweka kidole juu ya kitufe na kukiacha hapo muda mrefu. Angeweza kusimama na kutoka. Mlango ulikuwa wazi. Lakini humo ndani angewaacha walimu ishirini na watatu ambao jioni wangefika nyumbani kila mmoja na hadithi ya miguu iliyorudi nyuma, na alikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba hadithi isiyo na mwisho huongezwa chumvi. Akaanza kudonoa. Safari hii hakufuta.

Bénita alifungua mdomo asome. Mukamugema akamzuia kwa mkono.

"Asome yeye."

Cyprien alisoma bila kuinua kichwa: "Mwalimu alituambia tuingie, akasema atatuangalia. Mwalimu alikosea. Mama alikuwa ameenda kuleta maji."

Hakuna aliyepiga makofi. Mukamugema alivuta kiti, akaketi, akashika vitufe. Alimpeleka yule mtoto wa viatu na kofia juu ya mito yote ya moto, akaruka kila jiwe, akafika ukingoni. Safari hii alimshusha. Mtoto akalala kwenye majani, kioo kikawa cheusi, na maneno yakatokea, meupe.

"Soma tena," alisema.

Cyprien akasoma tena. Mukamugema akaanza mchezo upya, akamshusha mtoto, akasubiri. Cyprien akasoma. Mara ya nne aliishia katikati, akamgeukia, na macho yake bila miwani yalikuwa madogo kama ya mtu aliyeamshwa.

"Mama Uwizeye," alisema. "Inatosha?"

Jina hilo lilipita ukumbini, na watu wa Goma wenye umri wake wakainua vichwa, wakikumbuka. Mukamugema alilisikiliza mpaka likaisha. Hakuona kwamba lilimfanya Cyprien kuwa mtu bora. Siku ya mwisho angepewa cheti chake kama wengine, angepigwa picha, na kama kawaida ya watu wa aina yake angesema wazo la mazuku lilitoka kwenye kundi lake. Shauri yake. Kila mtoto wa shule atakayeanguka katika shimo lile atayasoma maneno yale kwa sauti, na watoto wa darasa la kwanza hawajui kusoma kimoyomoyo.

"Bado," alimwambia. "Lakini mutasoma baadaye. Njooni mule chakula."

Alitoka, akafunua sufuria. Maharagi yalikuwa yameungua mpaka katikati, meusi kama mawe ya mlima. Hakuyatupa. Aliyapakua kwenye sahani ishirini na tano, na ya Cyprien akaikwangulia kutoka chini kabisa. Direkta aliipokea kwa mikono miwili, akaila yote, na safari hii hakuomba chumvi.